Nyuma ya Ukuta Ndiko Kazi Iliko

Ninapoitwa kukagua ukuta wa kuzuia udongo, mwenye eneo hunipeleka moja kwa moja mbele yake. Ananionyesha ufa, ananionyesha ulivyotoa tumbo, kisha anauliza kama ukipigwa lipu upya utatulia. Mimi huomba kwanza kupanda juu. Nataka kuona kilichojazwa nyuma, maji ya mvua yanakoelekea, na vitu vinavyoegeshwa au kurundikwa pale. Karibu kuta zote zilizoinama nilizowahi kukagua zilikuwa na ugonjwa wake huko nyuma. Chache zilizobaki ni zile ambazo mtu alikuja baadaye akachimba mtaro mbele ya msingi.

Naandika kwa ajili ya wanaojenga nyumba kwenye mteremko, na kwa wanaosawazisha viwanja vya maduka, maghala na maegesho. Paa husubiri upepo uvume, sakafu husubiri watu waingie. Ukuta wa kuzuia udongo hubebeshwa mzigo tangu siku kifusi kinapojazwa, na haupumziki tena. Kitu cha namna hiyo hakistahili kuachiwa makisio.

Makisio ya kwanza ni kudhani kwamba ukuta wowote uliosimama unaweza kuegemezwa udongo. Mtu ana uzio wa bloku, mzuri, umenyooka. Anataka uwanja uwe tambarare, analeta malori ya kifusi na kukijaza mpaka usawa wa kiuno, kikiuegemea uzio. Lakini uzio ule ulijengwa ubebe uzito wake na upepo, basi. Bloku na saruji hustahimili sana kugandamizwa. Zikipindwa huachia kwenye maungio. Ndiyo maana uzio uliofanyiwa hivi hutoa ufa mmoja mrefu wa kulala, kwenye kozi, yaani mstari wa bloku, ya kwanza au ya pili kutoka chini, na ukiweka timazi unakuta sehemu ya juu imeshaanza kutoka nje. Watoto wanacheza upande wa pili. Siwezi kulitaja jambo hili kwa upole: kama umejaza udongo kwenye uzio usio na nondo za kuubeba, utoe udongo huo.

Sasa tuuangalie huo msukumo wenyewe. Chukua mchanga au changarawe kavu iliyoshindiliwa, yenye uzito wa kilonewtoni 18 hivi, yaani kama tani 1.8, kwa mita ya ujazo. Chembe zake husuguana na kushikana, kwa hiyo udongo hujibeba wenyewe kwa sehemu kubwa. Kinachofika ukutani kwa ubavu ni takriban theluthi moja ya uzito ulioko juu ya kina hicho. Shinikizo huanza na sifuri juu, likakua kadiri unavyoshuka. Ukijumlisha yote, ukuta wa mita 1.5 unasukumwa kwa karibu tani 0.7 katika kila mita moja ya urefu wake wa kulala. Ukuta wa mita 3 unasukumwa mara nne ya hapo, karibu tani 2.8. Na kwa kuwa nguvu hiyo inakaa juu zaidi kutoka kwenye msingi, uwezo wake wa kuupindua ukuta na kuuvunja shinani unafika mara nane.

Hapo ndipo ninapogombana na wale wanaosema "tuongeze kozi mbili tu". Kozi mbili za sentimita 20 juu ya ukuta wa mita 1.5, udongo nao ukapandishwa kufuata, zinaizidisha nguvu ya kuupindua mara mbili. Nondo zilizomo hazikuongezeka, na msingi haukupanuka.

Hesabu hizi hazikuanza jana. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyesimamia ujenzi wa ngome katika kisiwa cha Martinique, aliwasilisha uchambuzi wake wa msukumo wa udongo mwaka 1773, ukachapishwa mwaka 1776. Mskoti William Rankine akatoa njia yake mwaka 1857. Mhandisi anayekuchorea ukuta leo bado anapita njia walizozichonga hao wawili. Ila ile theluthi niliyoitaja ina masharti mawili, na yote mawili hupuuzwa. La kwanza, ukuta uwe huru kusogea kidogo sana mbele, milimita chache tu, ili chembe za udongo ziamke na kuanza kushikana. Ukuta wa chumba kilichoko chini ya ardhi, ambao juu umeshikwa na sakafu, hauna uhuru huo, kwa hiyo hubebeshwa kama nusu badala ya theluthi. Anayenakili mchoro wa ukuta wa bustani akaupeleka kwenye chumba cha chini ya nyumba amejinyima theluthi nzima ya nguvu aliyoihitaji. Sharti la pili ni kwamba udongo huo usiwe na maji.

Maji hayana msuguano. Hayashikani, hayajibebi, husukuma kwa ubavu kwa uzito wake wote. Rudi kwenye ukuta wetu wa mita 3. Maji yakijaa nyuma yake mpaka juu, yenyewe yanasukuma kwa karibu tani 4.5 kwa kila mita. Udongo uliozama unapungua uzito kwa kuwa maji yanaubeba, kwa hiyo msukumo wake unashuka hadi kama tani 1.4. Jumla inakaribia tani 5.9, ambapo ukavu ulikuwa unadai tani 2.8. Hakuna lori lililoongezwa, hakuna kozi iliyoongezwa. Imenyesha tu, na njia ya kutokea haikuwepo. Tena maji hayo hayo yanapenya chini ya msingi na kuuinua, yakipunguza msuguano unaouzuia usiteleze. Ukuta unashambuliwa na kupokonywa silaha kwa wakati mmoja.

Mhandisi anaweza kuchora ukuta wa kubeba maji yote hayo. Utakuwa mnene, wenye nondo nyingi, na gharama yake itakushangaza. Njia ya busara ni kuyaondoa maji yasikae, na vifaa vyake ni vya kawaida kabisa: kokoto safi, kitambaa cha jiotekstaili, bomba lenye matundu, na vitobo ukutani. Kokoto hupangwa nyuma ya ukuta kwa upana wa sentimita 30 hivi, kutoka kwenye msingi hadi karibu na juu. Chini kabisa ya safu hiyo hulazwa bomba lenye matundu, kwa kawaida la milimita 100, likiwa na mteremko wa kweli kuelekea mahali pa kumwagia. Bomba lisilo na pa kutokea ni shimo refu tu. Kitambaa hukaa kati ya kokoto na udongo, ili maji yapite na matope yabaki. Kwenye ukuta wenyewe huachwa vitobo vya milimita 75 hadi 100, kila baada ya mita 1.5 hadi 3, juu kidogo ya ardhi ya mbele, ili siku bomba likiziba maji yawe bado na pa kutokea. Na juu, kwenye uso wa ardhi nyuma ya ukuta, sentimita 30 za mwisho zifungwe kwa udongo mzito au zege, pawe na mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua pembeni kabla hayajashuka.

Kitambaa ndicho kinachoachwa mara nyingi zaidi, kwa sababu siku ya kwanza kokoto bila kitambaa huonekana sawa kabisa. Misimu michache ya mvua baadaye matope yamejaa kati ya mawe, na ile safu uliyoilipia imegeuka udongo kama mwingine. Unaweza kulisoma hili kwenye vitobo vyenyewe. Kitobo kizima, mvua ikiisha, hutiririsha maji karibu maangavu na chini yake pana alama nyembamba ya unyevu. Kinachotoa maji ya rangi ya udongo kinakuambia kwamba kifusi cha nyuma kinahamishwa kidogo kidogo, na huko juu kuna shimo linaanza kujengeka. Kilicho kikavu siku ambayo ardhi yote imelowa, huku ukuta umetoka jasho na chumvi nyeupe kwenye maungio, ndicho kinachonitia hofu. Chukua nondo nyembamba uingize polepole. Mara nyingine utatoa matope yaliyokaza; mara nyingine itagonga zege lisilotoboka, kwa sababu aliyejenga aliweka kipande cha bomba upande wa mbele tu, ukuta uonekane una vitobo. Nimekuta hivyo, na sikupata neno la kumwambia mwenye nyumba zaidi ya ukweli.

Na si maji ya mvua peke yake. Hong Kong, tarehe 23 Julai 1994, ukuta wa mawe wa zamani uliporomoka katika eneo la makazi la Kwun Lung Lau na kuua watu watano. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba mifereji iliyofukiwa nyuma ya ukuta ilikuwa inavuja na kuulowesha udongo, na kwamba ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko ulivyodhaniwa katika tathmini za awali. Kila ninapolikumbuka tukio hilo huuliza maswali mawili kwa ukuta wa zamani: bomba gani linapita huku nyuma, na nani aliwahi kutoboa akaupima unene? Bomba la maji safi, la maji taka, la bwawa la kuogelea, hata la kunyweshea bustani, vyote vina haki ya kushukiwa.

Sasa nondo. Neno zege lenye nondo huwapa watu amani, kana kwamba nondo zikiwemo popote zinatosha. Zege hugandamizwa bila shida na hukatika kirahisi likivutwa. Nondo huwekwa kubeba mvuto. Kwa hiyo swali zima ni wapi panapovutwa. Mzee mmoja aliyekuwa akijengewa ukuta nyuma ya nyumba yake aliniuliza akiwa anatazama mafundi wakisuka: "Fundi, mbona nondo nene mnazipeleka kule nyuma, na ukuta unaangukia huku mbele?" Nikamwambia, "Mzee, vunja kijiti kibichi, uangalie kinaanza kuchanika upande gani." Akakivunja. Upande wa nje wa mkunjo ulichanika nyuzi nyuzi, wa ndani ukabaki umejikunja tu. Ukuta unaosukumwa kwenda mbele, shina lake likiwa limeshikwa na msingi, huvutwa uso wake wa nyuma, ule unaogusana na udongo. Nondo kuu za kusimama hukaa huko. Kwenye kitako cha msingi mambo hugeuka: sehemu ya nyuma, kisigino, huvutwa uso wake wa juu kwa sababu udongo unaikandamiza kutoka juu, sehemu ya mbele, kidole, huvutwa uso wake wa chini kwa sababu ardhi inaisukuma kutoka chini.

Ukilikosea hili hakuna atakayeona. Ukuta wa milimita 250 wenye nondo za milimita 16, zilizowekwa nyuma na kufunikwa na milimita 50 za zege, una kina cha kufanyia kazi cha milimita 192. Nondo hizo hizo zikisogea hadi katikati ya ukuta, kina kinabaki 125, na umepoteza theluthi moja ya uwezo bila kupunguza hata kilo moja ya chuma. Zikiwekwa uso wa mbele zinabaki kama pambo. Na huhitaji fundi mbaya ili zisogee. Inatosha kukosa zile biskuti za zege za kuzitenga na mbao, au mtu akazikanyaga wakati wa kumwaga, au vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lijipange, ikagongwa kwenye chuma badala ya kuzamishwa kwenye zege.

Kwa hiyo kabla zege halijamwagwa huwa najipa muda. Napita na kipimo kati ya nondo na mbao, juu, katikati na chini, sehemu baada ya sehemu. Sehemu zinazomwagwa moja kwa moja dhidi ya ardhi nataka nione milimita 75 za kufunika chuma, kwa sababu udongo hauna uso ulionyooka na unyevu haukosi. Kwenye mbao 50 zinatosha. Naangalia nondo zilizochomoza kutoka kwenye msingi zimepishana na za ukuta kwa urefu gani. Kipimo cha kawaida kwenye michoro ni mara 40 hadi 50 ya kipenyo, kwa hiyo nondo ya milimita 16 ipishane kati ya milimita 640 na 800. Pale shinani ndipo nguvu ya kuvunja ilipo kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo hapo hapo nondo zinapounganishwa. Kupunjwa kwa sentimita ishirini pale ni kuukata ukuta kwa mkono wako. Naangalia pia uso wa zege la msingi ambapo ukuta utasimama: umechokonolewa ukawa na makwaruzo, umeoshwa, hauna vumbi la mbao wala utando wa saruji laini. Fundi akikasirika kwa kucheleweshwa, na akasirike. Zege likishamwagwa hakuna kipimo kitakachoingia tena.

Chuma ndani ya zege ni wazo tunalolichukulia kuwa la milele, ila ni la juzi. Joseph Monier, mtunza bustani Mfaransa, alipata hataza yake mwaka 1867, na alianza na vyungu vya kupandia miti. Ukuta wa zege ulio mwembamba, wenye umbo la herufi L au T iliyogeuzwa, usingewezekana bila wazo hilo.

Uzuri wa umbo hilo uko kwenye kisigino, na natamani kila mwenye nyumba aujue. Ukuta wetu wa mita 3 huhitaji kitako cha upana wa kati ya nusu na asilimia 70 ya kimo, tuseme mita 1.8. Kama mita 1.1 ya hiyo iko nyuma, udongo unaokaa juu yake una uzito wa zaidi ya tani 5 kwa kila mita ya ukuta. Udongo uleule unaosukuma ndio unaokandamiza kitako kisinyanyuke. Ndiyo sababu jirani anaposema usichimbe nyuma kwenye mpaka wake, na fundi akaamua kukata kisigino kimya kimya na kurefusha kidole, ukuta umebadilika kabisa na mchoro unapaswa kurudi mezani. Mhandisi ataangalia upya kama ukuta utapinduka, kama utateleza, kama ardhi ya chini itastahimili. Kwa kawaida hutaka nguvu ya kuzuia kuteleza iizidi ya kuusukuma kwa mara 1.5, na ya kuzuia kupinduka kwa mara 2 au karibu na hapo. Ukuta ukielekea kuteleza, huongezwa jino la zege chini ya kitako linalong'ata ardhi.

Kisigino kinataka uchimbe kuingia mlimani, na hapa naomba msomaji asome polepole. Siku za hatari kuliko zote katika kazi hii ni zile ambazo ukuta haujakuwepo bado. Mlima umekatwa wima, mafundi wako chini wanasuka nondo wakiwa wameinama, na juu yao kuna udongo wenye uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya ujazo. Ukishuka hauchagui, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu akavuta pumzi. Mlima ukatwe kwa kulalia, au kwa ngazi, au ushikiliwe kwa mbao na vyuma. Pasipowezekana, chimba kipande kifupi, kijenge, kijaze, ndipo uhamie kingine, ukiacha ardhi isiyoguswa katikati. Udongo uliochimbwa usirundikwe kwenye ukingo. Mvua ikianza watu watoke, na ikiisha mtu mwenye uzoefu aangalie nyufa juu ya ukingo kabla hawajarudi. Hakuna ratiba ya ujenzi inayozidi hili.

Kujaza nyuma nako hufanywa kwa pupa, kwa kuwa ukuta umeshaonekana umekwisha. Zege hupimwa nguvu yake ya kuhesabiwa siku ya 28; wiki ya kwanza linahitaji kumwagiliwa na kuachwa. Kuuegemeza udongo ukuta wa siku chache ni kuudai kabla haujapata. Ukifika wakati wake, jaza kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30, kila moja lishindiliwe ndipo lifuate jingine. Ndani ya mita moja kutoka ukutani tumia kompakta ndogo ya kusukumwa kwa mkono. Rola kubwa likipita pale linaubana udongo na kuuongezea ukuta msukumo ambao hautoki hata rola likiondoka. Kifusi kiwe cha changarawe au mchanga unaopitisha maji. Udongo wa mfinyanzi uliochimbwa palepale unashawishi kwa sababu ni wa bure, lakini hushika maji, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kila mwaka husogeza ukuta kidogo. Mifuko ya saruji, vipande vya mbao na magome ya miti navyo visitupwe humo. Vitaoza, ardhi itadidimia, na mfereji wako wa juu utaelekea ukutani badala ya kuukimbia.

Si kila ukuta unahitaji umbo la L. Kwa kimo kidogo, ukuta mnene wa mawe, au wa gabioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe), unaotegemea uzito wake unafaa sana, na gabioni zina faida ya kupitisha maji zenyewe. Bloku zenye matundu, zilizopitishwa nondo upande wa udongo na kujazwa zege, zinafaa nyumbani. Kwa kuta zenye kimo kikubwa sana, cha zaidi ya mita 6 au 7, wahandisi huweka mbavu nyuma. Na kuna njia iliyopewa umbo lake la kisasa na Mfaransa Henri Vidal mwaka 1963: kuuimarisha udongo wenyewe kwa kulaza kamba za chuma ndani yake tabaka kwa tabaka, ambazo siku hizi mara nyingi ni jiogridi, yaani nyavu ngumu za plastiki, huku bloku za mbele zikiwa uso tu. Naipenda njia hii kwa maeneo ya biashara yenye nafasi, maana hustahimili kudidimia kidogo bila kupasuka. Sharti lake ni nafasi hiyo yenyewe: jiogridi huingia nyuma kwa angalau asilimia 70 ya kimo, mita 2.1 kwa ukuta wa mita 3, na ardhi yote hiyo huwa sehemu ya ukuta. Aje mtu miaka mitano baadaye achimbe mtaro wa nyaya au mashimo ya nguzo za taa, atakuwa anakata misuli ya ukuta bila kujua. Mchoro wa zilipolala ubandikwe kwenye ofisi ya msimamizi wa jengo, usifungiwe kabatini.

Kwenye biashara, tatizo kubwa ni matumizi kubadilika. Ukuta ulichorwa kushikilia bustani. Baadaye juu pakawa maegesho, halafu malori ya kushusha mizigo. Chukua mzigo wa kilonewtoni 10 kwa mita ya mraba, kiasi ambacho hutumika kuwakilisha magari. Kwa ukuta wa mita 3 unaongeza msukumo wa karibu tani moja kwa kila mita, na kwa kuwa nguvu hiyo inakaa katikati ya kimo, inaizidisha nguvu ya kuupindua kwa zaidi ya nusu. Kontena, tangi la maji, rundo la saruji la mwenye duka, vyote ni mzigo wa namna hiyo. Hata kanuni zinazolegeza masharti kwa kuta fupi huliona hili: kanuni za mfano zinazotumika sana Marekani huruhusu ukuta usiozidi futi 4, kama mita 1.2, kupimwa kutoka chini ya msingi, ujengwe bila kibali, lakini unafuu huo unaondoka pale ukuta unapobebeshwa mzigo wa ziada juu. Kabla ya kukodisha eneo la juu kwa mpangaji mpya, muulize ataweka nini na karibu kiasi gani na ukingo, halafu umpelekee mhandisi jibu lake.

Na unapopokea makadirio ya fundi, tafuta mistari ya kokoto, kitambaa, bomba, kifusi cha kuchagua na kushindilia. Kama vyote vimefichwa ndani ya "kazi nyinginezo", omba viandikwe kimoja kimoja kwa vipimo. Makadirio mawili yanayopishana sana bei mara nyingi yanapishania hapo, maana zege na nondo kila mtu anazihesabu.

Kama ukuta wako umeshasimama na umeanza kuinama, usikimbilie lipu. Weka alama mbili za penseli kila upande wa ufa, pima umbali, andika tarehe palepale ukutani. Ning'iniza timazi kutoka juu na uandike chini yake imeachana na ukuta kwa kiasi gani. Rudia kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa. Ufa uliokaa vilevile msimu mzima una nafasi ya kusubiri; unaopanuka, au ardhi ya juu inayofungua mstari sambamba na ukuta, hauna. Hapo ondoa magari na mizigo juu, hamisha watu wanaolala chini yake, elekeza maji ya paa mbali, na mwite mhandisi ukiwa na karatasi yenye vipimo vyako vyote. Kabla hajafika, usiruhusu mtu yeyote achimbe mbele ya msingi, hata kama ni kwa nia ya kuuegemeza.